Baba Mbeba Mayai katika Nyasi za Bahari Yetu



Siku za bamvua, maji yanapokupwa na kuuacha wazi uwanda wa pwani, tangu Shelly Beach upande wa Likoni hadi Nyali na Bamburi upande wa Kisauni, watu wa kila rika hushuka ufukweni. Akina mama huchokoa pweza, watoto huokota makombe, wavuvi hutafuta chambo. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba ndani ya vidimbwi na majani wanayoyakanyaga huishi samaki ambaye umbo lake halifanani na la samaki, kinywa chake hakifanani na cha samaki, na katika malezi amepewa desturi adimu mno miongoni mwa viumbe: kwake yeye, anayebeba mayai mpaka watoto watoke ni baba.

Majikoni mwetu samaki huyu hatajwi, kwa kuwa haliwi wala hauzwi sokoni. Wataalamu wamempa jina kwa kumlinganisha na bomba, kwa sababu kinywa chake ni mrija mrefu usiofunguka kama vinywa vya wenziwe. Katika makala haya tutamwita samaki-bomba. Ni ndugu wa damu wa farasi wa bahari, na wote wawili wamo katika ukoo ambao vitabu vya elimu ya viumbe huuita Syngnathidae, maana yake wenye taya zilizoshikana. Ukoo huo una aina zipatazo 300 duniani, na nyingi kati ya hizo ni samaki-bomba. Asichanganywe na mtumbuu, ambaye taya zake ndefu zimejaa meno makali. Samaki-bomba hana hata jino moja.

Umbo lililojificha machoni

Mtazame kwa utulivu, ewe msomaji, ukijaaliwa kumwona. Mwili wake ni mwembamba kama kijiti cha ufagio. Wapo wasiozidi urefu wa kidole cha mtoto, na wapo wanaofikia sentimita 40. Hana magamba kama changu au tafi. Badala yake amevikwa pete za mfupa, moja baada ya nyingine, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, mithili ya deraya ya askari wa zamani. Deraya hiyo humlinda, lakini pia humzuia kwenda mbio. Yeye huogelea polepole kwa kupepesa pezi dogo la mgongoni, tena kwa kasi kubwa hata jicho la mwanadamu haliwezi kulihesabu.

Aliyenyimwa mbio amepewa maficho. Rangi yake ni ya kijani, ya kahawia au ya manjano iliyofifia, sawasawa na jani analoishi nalo. Akisimama wima kati ya majani na kuyumba pamoja nayo kwa mwendo wa maji, adui hupita karibu asimwone. Macho yake mawili hutembea kila moja kwa njia yake, kama ya kinyonga: moja latazama windo, jingine lachunga hatari.

Ulaji wake nao ni wa ajabu. Chakula chake ni vijidudu vya maji na vikamba vidogo sana, ambavyo vingi havionekani ila kwa kioo cha kukuzia. Humsogelea mnyama huyo mdogo taratibu mpaka awe karibu na ncha ya mrija. Kisha hunyanyua kichwa ghafla na kumfyonza, tendo ambalo lote hukamilika katika sehemu chache za elfu za sekunde. Wala hana tumbo la kuweka akiba. Chakula hupita moja kwa moja kwenye utumbo. Kwa hiyo humlazimu kula mara kwa mara mchana kutwa, na mahali palipokosa vijidudu hapamfai hata kwa siku chache.

Nyasi si mwani

Hapa inafaa tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi wetu huviita kwa jina moja. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi za bahari ni mimea kamili kama ya bara: zina mizizi, shina, majani, maua na mbegu, ila zimejaaliwa kuishi ndani ya maji ya chumvi. Katika bahari ya Kenya zimetambuliwa aina 12 za nyasi hizo. Iliyoenea kuliko zote ni ile ya majani mapana yaliyokusanyika juu ya shina gumu kama mti mdogo, iitwayo kitaalamu Thalassodendron ciliatum. Ndiyo ambayo kusi likivuma hutupwa ufukweni kwa marundo makubwa ya rangi ya kahawia, na wenye hoteli huzifagia wakizihesabu kuwa ni taka.

Samaki-bomba hawakai wote mahali pamoja. Katika nyasi huishi yule aitwaye Syngnathoides biaculeatus, wa rangi ya kijani, mwenye mkia unaoweza kujizungusha kwenye jani kama wa farasi wa bahari. Huyu ameenea tangu Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki. Katika mapango ya mwamba huishi mdogo wake, Doryrhamphus excisus, ambaye hupata sentimita 7 tu, mwenye mstari wa buluu ubavuni na mkia wa rangi ya chungwa. Yeye huwadonoa samaki wengine vijidudu vinavyowasumbua ngozini, akala na wao wakapona. Wapo pia wa ukoo wa Hippichthys, wanaopenda maji ya hori na midomo ya mito, mahali chumvi inapopungua na mikoko inapoota.

Ukiitazama ramani ya Mombasa utaona kwamba kisiwa chetu kimezungukwa na makao ya namna hiyo yote. Upande wa magharibi, kati ya Changamwe na Likoni, ipo hori ya Port Reitz inayopokea maji ya mto Mwache na mto Cha Shimba. Upande wa kaskazini, hori ya Tudor hupokea maji ya Kombeni na Tsalu, na huoga kingo za Kisauni. Nje kuna mwamba, na kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanda wa nyasi. Mikoko huchuja tope la mito, nyasi hushika mchanga usihame, na mwamba huvunja mawimbi. Kila kimoja humtegemea mwenziwe, kama kuta za nyumba moja.

Baba anapobeba mzigo

Sasa tuje kwenye jambo lililotusukuma kushika kalamu. Wakati wa kupandana ukifika, samaki-bomba jike na dume hucheza pamoja ndani ya maji, wakisimama wima na kukaribiana. Kisha jike huyahamisha mayai yake kutoka mwilini mwake na kuyatia kwa dume. Katika baadhi ya aina, dume ana mfuko kamili chini ya mkia, uliofungika. Katika nyingine mfuko huo ni mikunjo miwili ya ngozi inayokutana. Na kwa yule wa kijani tuliyemtaja, hakuna mfuko: mayai hugandishwa waziwazi chini ya tumbo lake kwa safu zilizopangika, kama shanga.

Tangu hapo jike hana mzigo tena. Dume ndiye ayatiaye uhai mayai kwa mbegu zake, na ndiye ayabebaye. Wale wenye mfuko hawayahifadhi tu. Ngozi ya ndani ya mfuko hujaa mishipa ya damu, huyapa mayai hewa, husawazisha chumvi ili isiwadhuru watoto, na katika aina kadhaa hupitisha chakula pia. Muda wa kubeba hutegemea aina na joto la maji, na mara nyingi ni wiki chache. Hatimaye watoto hutoka wakiwa wamekamilika, wana umbo la wazazi wao, na tangu saa hiyo hujitafutia wenyewe.

Mambo hayo yamegeuza mengine pia. Kwa kuwa dume mmoja ana nafasi ya mayai yenye kipimo, katika aina nyingi majike ndio wanaoshindana kupata mume, na majike ndio wanaojipamba kwa rangi. Huko Japani wataalamu wamewachunguza samaki-bomba wa mwambani waitwao Corythoichthys haematopterus, wakaona kwamba dume na jike huishi kwa kufungamana, na kila asubuhi hukutana na kuamkiana kwa mchezo mfupi kabla ya kila mmoja kwenda kutafuta riziki yake.

Naogopa msomaji asije akafikiri kwamba tunachukua sharia kutoka kwa samaki. Hatufanyi hivyo. Sharia ina chimbuko lake, na wanyama hawana taklifu. Isitoshe, wataalamu haohao wameonyesha katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, juu ya samaki-bomba wa Ghuba ya Meksiko, kwamba dume aliyebeba mayai ya jike mdogo asiyempendeza huwalea watoto hao kwa uchache, na wengi hufia mfukoni. Anayetaka kumfanya samaki kuwa mwalimu wa maadili atakwama hapo.

Tunachokichukua ni ibra. Watu husema, tena kwa kujiamini, kwamba maumbile yenyewe yameamua kuwa kubeba mzigo wa mtoto si kazi ya kiumbe wa kiume. Kumbe Muumba ameweka katika maji ya Likoni na Kisauni viumbe wa kiume wanaobeba mayai mpaka watoto watoke. Uwezo wa Mola haufungwi na mazoea yetu. Sisi wanadamu mimba ameibeba mama, na Qur'ani katika Surat Luqman imetaja udhaifu juu ya udhaifu anaoupitia. Basi baba ambaye hakubeba miezi tisa ana udhuru gani wa kukataa kumbeba mtoto dakika chache ili mama apate kuswali, kula au kulala? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Kwetu sisi mfano huo watosha, na samaki ni ukumbusho tu.

Sufuria yetu i ndani ya nyasi

Mama mmoja aweza kuuliza: samaki asiyeliwa anatuhusu nini? Jawabu ni kwamba anakaa nyumba moja na wale wanaoliwa. Tafi, ambaye karibu kila jiko la pwani lamjua kwa kupakwa na kukaangwa, hula nyasi hizo na hukulia ndani yake. Pono naye ni hivyohivyo. Vifaranga vya changu hujificha humo mpaka wapate nguvu ya kwenda mwambani. Kamba na kaa huanzia maisha yao katika hori na nyasi. Kasa huzila, na nguva, ambaye leo ni adimu sana katika bahari ya Kenya, hana chakula kingine kinachomtosha. Samaki-bomba, kwa kuwa ni mvivu wa mbio na hawezi kuhama mbali, ni miongoni mwa wa kwanza kupotea nyasi zinapokufa. Penye nyasi nzuri na maji safi yumo. Pakiharibika yeye hutoweka, na baada yake hupungua kilicho ndani ya sufuria.

Na nyasi zenyewe zinapungua. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 317 za nyasi za bahari mwaka 2016, na kwamba kasi ya kuzipoteza imezidi tangu mwaka 2000, mpaka kupita asilimia moja na nusu kwa mwaka. Duniani kote, inakisiwa kuwa asilimia 29 ya eneo lililojulikana limekwisha potea tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Sababu zake tunazifahamu. Ya kwanza ni juya, wavu unaokokotwa chini ukang'oa nyasi na kuzoa wakubwa kwa wadogo. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2001, lakini mpaka leo lingali linavutwa alfajiri mahali kadha wa kadha. Nduguye juya ni chandarua cha mbu kinachokokotwa na watoto na wakubwa kwenye maji machache kutafuta uduvi na dagaa. Tundu zake ni ndogo hata samaki-bomba mchanga hapiti. Ya pili ni tope. Mashamba yanapolimwa kingoni mwa mito na mikoko inapokatwa, mvua za masika huteremsha udongo, na uchimbaji wa njia za meli na mchanga nao hutibua maji. Nyasi ni mmea, na mmea bila mwanga hufa.

Ya tatu ni mafuta na taka. Wakazi wa Changamwe na Mtongwe wanaukumbuka mwaka 2005, meli ya mafuta ilipovuja bandarini Kilindini na mafuta yakaenea katika hori ya Port Reitz, yakaipaka mikoko na nyasi. Hori ya Makupa kwa miaka mingi ilikuwa jirani wa jaa la Kibarani, ambalo sasa limefungwa na kupandwa miti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na tofauti tumeiona. Lakini chupa, nepi na maji machafu ya majumbani yangali yanateremkia baharini.

Ya nne imejificha. Samaki wakubwa wenye meno wanaokula viumbe wa mviringo wenye miiba, wale wanaochoma nyayo za wachokoaji, wanapovuliwa kupita kiasi, viumbe hao wa miiba huzaliana bila kiasi na kuzitafuna nyasi mpaka mchanga ubaki mtupu. Jambo hilo limeshuhudiwa Diani na katika maji ya Mombasa pia.

Tena wapo wanaowakausha farasi wa bahari na samaki-bomba kwa ajili ya dawa za Mashariki ya Mbali. Farasi wa bahari wamewekewa ulinzi wa biashara ya kimataifa tangu mwaka 2004, lakini samaki-bomba hawajaingizwa katika orodha hiyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i samaki wa bahari ni halali, hatulifichi hilo. Lakini uhalali wa kitu si amri ya kukimaliza, na kanuni ya fiqhi yasema kuwa madhara yaondolewe.

Tufanye nini?

Kazi haikosekani, na nyingi yaanzia mlangoni petu. Hapo Mkomani, upande wa Kisauni, ipo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979. Tangu mwaka 1986 ipo Hifadhi ya Bahari ya Mombasa mbele ya Nyali na Bamburi, ambamo uvuvi hauruhusiwi katika kiini chake cha kilomita za mraba 10. Kule Gazi, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013, na mapato ya hewa ya kaboni yamewapatia maji na vitabu vya shule. Wasini, wenyeji kwa kushirikiana na wataalamu wamejaribu kuzipanda upya nyasi zenyewe. Waliofanya hayo ni Waswahili na Wadigo wa pwani hii, wenye mitihani ya riziki kama yetu.

Kwa upande wa nyumba, nawausia mambo manne. Kwanza, mama anayenunua samaki asinunue vifaranga wa tafi na changu waliozolewa na juya, hata bei ikiwa ndogo. Soko likikosa mnunuzi, juya litakosa mvutaji. Pili, chandarua kibaki kitandani, na kilichochakaa kisipewe mtoto kwenda nacho pwani. Tatu, wachokoaji watembee kwenye mchanga kati ya nyasi badala ya juu yake, na jiwe lililopinduliwa lirudishwe lilivyokuwa, kwani chini yake kuna mayai ya viumbe. Nne, walimu wa madrasa wawapeleke wanafunzi ufukweni maji yanapokupwa, wawafundishe kutazama bila kushika. Samaki-bomba akitolewa majini hata kwa kuchezewa kidogo anaweza kufa, na pengine pamoja naye hufa mayai yote aliyoyabeba.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Nyasi za bahari hatukuzipanda sisi. Tumezikuta zikiwalisha tafi wa wazee wetu. Kuziacha zikiwa hai ili ziwalishe wajukuu ndicho kiasi kidogo kabisa cha shukurani tunachoweza kutoa. Tunamwomba Mola atujaalie akina baba wenye huruma majumbani, akina mama wenye afya, na bahari isiyonyimwa baraka kwa mikono yetu wenyewe. Aamin.

Wabillahi tawfiq.